Macho ya Hamu: Mwigizaji Mlevi na Sisi Tunaomtazama



Tafakari ya juma hili haitakuwa tamu kwa kila mmoja. Nimekusudia kukemea jambo ambalo limezoeleka mno miongoni mwetu hata hatulioni tena kuwa baya, nalo ni namna tunavyowatazama waigizaji mashuhuri wa sinema wanapozama katika ulevi.

Sikilizeni mazungumzo yetu barazani, kwenye vibanda umiza, hata nje ya kanisa baada ya Misa. Mwigizaji anapokuwa bado ana jina na fedha, ulevi wake huhesabiwa kuwa pambo. Husemwa kwamba msanii bila kinywaji hachangamki, kwamba kipaji chake kimo chupani. Siku fedha zinapokwisha na uso unapoumuka, ulimi uleule hugeuka na kusema: amejitakia mwenyewe, sikio la kufa halisikii dawa. Nasema wazi kwamba kauli hizo ni za uongo, zote mbili. Na aliyezizoea kwa mtu wa kwenye sinema atazitumia kwa kaka yake, kwa mume wake na kwa jirani yake. Hilo ndilo linalonisumbua mimi mchungaji wenu. Waigizaji wako mbali. Walevi wa Ibadakuli wako karibu, nasi tunawatazama kwa macho yaleyale tuliyoyazoesha mbele ya televisheni.

Hemani kwa Nuhu

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 9, kinasimulia tukio ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Nuhu, mtu mwenye haki aliyevuka gharika pamoja na jamaa yake, alipanda mizabibu, akanywa divai aliyoitengeneza, akalewa na kulala uchi ndani ya hema lake. Mwanawe Hamu alimwona katika hali hiyo, akatoka nje kuwapasha habari ndugu zake. Shemu na Yafethi walichukua vazi, wakaingia kwa kurudi nyuma ili wasiuone uchi wa baba yao, wakamfunika.

Najua fungu hili lilitumiwa vibaya na watetezi wa utumwa, waliodai kwamba laana ya Hamu iliwashukia watu weusi. Huo ni uzushi. Laana inayotajwa pale ilielekezwa kwa Kanaani, na Maandiko hayasemi neno juu ya rangi ya mtu yeyote. Tuuache uzushi huo mahali pake, tulitazame kosa lenyewe.

Hamu hakumnywesha baba yake, wala hakumpiga, wala hakumwibia. Alitazama, kisha akaenda kutangaza. Basi, hayo tu! Nuhu alikuwa mtu mashuhuri kuliko wote waliokuwa hai, na Hamu akawa mtazamaji wa kwanza wa mtu mashuhuri aliyelewa. Leo Hamu ana simu ya mkononi. Humpiga picha mlevi aliyeangukia mtaroni, huzituma kwenye makundi matatu kabla hajamwinua, na wengi wetu tukizipokea huzicheka na kuzisambaza mbele. Kiswahili kimetupa neno hamu, yaani shauku. Jina la mwana wa Nuhu halikutokana na neno hilo, lakini sioni neno linaloyafaa zaidi macho yetu ya siku hizi: macho yenye hamu ya kuona mkubwa akianguka.

Zingatieni pia walivyotenda wale ndugu wawili. Hawakusema kwamba baba yao hakulewa. Hawakukaa naye kumalizia kibuyu. Walimsitiri, na Nuhu alipoamka aliyajua yote yaliyotendeka. Kusitiri ni kumlinda mtu ili apate kuamka. Nitarudi kwenye neno hilo.

Machozi ya Nairobi, mwaka 2021

Nianze na jirani zetu wa Kenya, kwa sababu kisa chao kinatuonyesha sura zote mbili za mtazamaji ndani ya mwaka mmoja.

Mwigizaji Joseph Kinuthia alijulikana kwa jina la Omosh katika mchezo wa televisheni wa Tahidi High, uliorushwa na Citizen TV kwa miaka mingi. Ugonjwa wa korona ulipoingia mwaka 2020, kazi ya kupiga picha ilisimama na kipato kikakatika. Mwanzoni mwa mwaka 2021 Omosh alilia mbele ya kamera, akieleza madeni na kodi ya nyumba iliyomshinda. Wakenya waliguswa. Walichanga kwa simu hadi kuvuka shilingi milioni 1 za Kenya, na mfadhili akajitolea kumjengea nyumba. Mwenyewe alikiri hadharani kwamba pombe ilikuwa tatizo maishani mwake. Katikati ya mwaka huohuo alijitokeza tena kuomba msaada, na hapo upepo ukageuka. Vidole vilevile vilivyotuma fedha viliandika matusi na mizaha. Akawa mfano wa mtu asiyesaidika.

Ndugu zangu, hebu tuwe wakweli. Mtu amesema mbele ya taifa zima kwamba pombe imemshika. Amepewa fedha, amepewa nyumba, amepewa umaarufu wa siku chache. Kisha watu wanashangaa kwamba tatizo halijaondoka! Ni sawa na kumpa mgonjwa wa malaria shuka jipya, na kumlaumu asubuhi kwamba homa haijashuka. Siwalaumu waliochanga, Mungu awalipe, kwa maana wapo wengi ambao hawakuchanga hata senti moja. Ninachokilaumu ni huruma inayotaka malipo ya haraka. Mtazamaji amezoea sinema ya saa mbili, ambamo mlevi hulia, huoga, hunyoa ndevu, na muziki ukipigwa huwa amepona. Uponaji wa kweli huchukua miaka na una maanguko ndani yake. Sisi tukiona anguko la kwanza, tunazima televisheni.

Kipaji hakimo chupani

Sasa nawageukia wale wa kauli ya kwanza, wanaodai kwamba pombe ndiyo inayompa msanii moto wake.

Mwaka 1964 ilitoka sinema iitwayo Becket, juu ya Mtakatifu Thomas Becket, Askofu Mkuu wa Canterbury aliyeuawa mwaka 1170. Richard Burton aliigiza kama askofu na Peter O'Toole kama Mfalme Henry II. Wote wawili walikuwa wanywaji wakubwa, na magazeti ya Uingereza yalizisimulia karamu zao kana kwamba ni mashujaa waliotoka vitani. Burton aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mara 7 na hakuipata hata mara moja. Alifariki mwaka 1984 akiwa na miaka 58. O'Toole alifanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo katikati ya miaka ya 1970, akaachana na pombe. Je, kipaji chake kilikauka? Baada ya hapo aliteuliwa tena kuwania Oscar mara 3, ya mwisho kwa sinema ya Venus ya mwaka 2006, na alifariki mwaka 2013 akiwa na miaka 81. Mojawapo ya sinema hizo 3 ni My Favorite Year ya mwaka 1982, na humo alicheza nafasi ya mwigizaji maarufu aliye mlevi. Alimwigiza mlevi kwa ustadi mkubwa katika miaka ambayo mwenyewe alikuwa ameiweka chupa kando.

Tena, katika eneo lilelile la Wales alikozaliwa Burton, karibu na mji wa Port Talbot, alizaliwa Anthony Hopkins. Naye alikunywa hadi akakaribia kuangamia. Kwa maneno yake mwenyewe, siku aliyoacha ni tarehe 29 Desemba 1975. Tuzo zake 2 za Oscar alizipata baadaye, moja mwaka 1992 na nyingine mwaka 2021 akiwa na miaka 83. Wengi wenu mmemwona katika sinema ya mwaka 2019 akiigiza kama Baba Mtakatifu Benedikto XVI. Wanaume wawili wa sehemu moja, kazi moja, kiu moja. Mmoja aliyakosa mavuno ya uzee wake. Mwingine aliyapata baada ya kuacha. Anayesema kipaji kimo chupani na atujibu hapo.

Kwa nini basi uongo huu unapendwa? Kwa sababu unatufaa sisi. Ulevi wa msanii ukiwa ni sehemu ya sanaa yake, mimi mtazamaji sina wajibu wowote juu yake. Naweza kununua tiketi na kufurahia maangamizi. Mwigizaji Oliver Reed alifariki tarehe 2 Mei 1999 katika baa moja mjini Valletta, kisiwani Malta, akiwa katikati ya kazi ya sinema ya Gladiator, baada ya kunywa pamoja na mabaharia. Baa hiyo ikawa kivutio cha watalii, ikijitangaza kuwa ndiyo baa yake ya mwisho. Wahenga walisema kufa kufaana. Mtu amekufa, na kiti chake kimegeuzwa kuwa biashara. Wateja wanaokwenda kupiga picha pale hawamchukii marehemu, wanampenda. Hicho ndicho kinachotisha. Ni upendo usiojali kama mpendwa anaishi au anakufa.

Kusitiri si kuficha

Mtu ataniuliza: Padre, kama kutangaza ni kosa la Hamu, je, tunyamaze tu? La hasha. Iko namna ya kunyamaza ambayo ni mbaya kuliko kelele.

Spencer Tracy alikuwa Mkatoliki, mzaliwa wa Milwaukee nchini Marekani. Mwaka 1938 aliigiza katika Boys Town kama Padre Edward Flanagan, yule padre aliyelea wavulana wasio na makao, na kwa nafasi hiyo akapata Oscar yake ya pili mfululizo. Watazamaji walimwona ndani ya kanzu ya kipadre wakaguswa mioyo. Hawakujua kwamba mtu yule alikuwa akipotea kwa siku kadhaa katika unywaji wa kutisha. Kampuni ya sinema iliyomwajiri ilijua. Iliyafunika mambo hayo kwa bidii, kwa sababu uso wake ulikuwa mali. Tracy alifariki mwaka 1967 akiwa na miaka 67, na mapambano hayo yalimwandama karibu maisha yake yote.

Mwaka mmoja tu baada ya sinema ile, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, mtawa mmoja Mkatoliki aitwaye Sista Ignatia alikuwa mpokea wagonjwa katika Hospitali ya Mtakatifu Thomas. Hospitali za wakati ule hazikuwataka walevi. Daktari Bob Smith, aliyekuwa mlevi mwenyewe na ambaye mwaka 1935 alishiriki kuanzisha chama cha walevi wanaosaidiana kupona, alimwomba amlaze mgonjwa wa namna hiyo. Mwezi Agosti 1939 Sista alimwandikisha mgonjwa yule kwa ugonjwa wa tumbo, akamtafutia mahali pa faragha, akaanza kumtunza. Maelfu ya walevi walipita mikononi mwake katika miaka iliyofuata.

Linganisheni matendo hayo mawili. Kampuni ilifunika ili mtu aendelee kufanya kazi. Mtawa alifunika ili mtu apate kupona. Kwa nje yanafanana, kwa maana pote jina la ulevi halikutajwa mbele za watu. Kwa ndani, moja ni kuficha na lingine ni kusitiri. Mama anayemwambia mwajiri kwamba mwanawe ana homa, kumbe amelala kwa ulevi, na akifanya hivyo kila juma bila kumpeleka popote, huyo anafanya kazi ya kampuni ile. Kwa uchungu nasema kwamba familia nyingi za Kikristo zinafanya hivyo, zikidhani ni upendo.

Mwana wa Shinyanga

Hatuwezi kuzungumza juu ya sinema hapa kwetu tusimtaje Steven Kanumba. Alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984, akasoma hapahapa mkoani, akaenda Dar es Salaam na kufika mahali ambapo vijana wetu walithubutu kuamini kwamba mtoto wa Shinyanga anaweza kuigiza pamoja na nyota wa Nigeria. Alifariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28, usiku wa kuamkia Jumamosi Kuu. Kanisa lilikuwa likikesha kaburini pa Bwana, na taifa likaamkia msiba. Maelfu kwa maelfu walimzika. Mwezi Novemba 2017 Mahakama Kuu ilimtia hatiani mwigizaji mwenzake kwa kuua bila kukusudia, akahukumiwa miaka 2. Simtaji jina, kwa kuwa alikwisha kuitumikia adhabu yake na ana haki ya kuachwa aishi.

Sisemi kwamba Kanumba alikuwa mlevi. Wala sitaki mtu yeyote anitumie kusema hivyo. Nasema jambo juu yetu sisi. Katika ushahidi uliotolewa mahakamani, pombe ilitajwa kuwa ilikuwapo katika simulizi la usiku ule. Kumbukeni sasa tulizungumza nini mwaka 2012 na mwaka 2017. Tulizungumza juu ya wivu, juu ya umri wa binti, juu ya nani alimpenda nani, juu ya ushirikina. Magazeti ya udaku yaliuzwa kama maandazi ya asubuhi. Ni mara ngapi mlisikia mtu akiuliza swali la kawaida kabisa la kimalezi: vijana wetu wanaopata umaarufu na fedha wakiwa wadogo, wakizungukwa na watu wa kuwanunulia na kuwasifu, nani anawaambia basi, inatosha? Tulikuwa na hamu ya kisa. Swali halikutuvutia.

Dhambi au ugonjwa?

Hapa wapo watakaosema kwamba Padre analegeza mafundisho, kwamba ulevi ni dhambi, basi. Na wapo watakaosema kwamba ni ugonjwa tu, kwa hiyo tuache kuhubiri. Wote wawili wamekata kipande cha ukweli na kukitupa.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inafundisha kwamba fadhila ya kiasi hutuepusha na kila aina ya kupita kiasi, pombe ikiwamo, na kwamba anayehatarisha usalama wa wengine kwa ulevi ana hatia nzito. Hilo ni wazi, na dereva wa bodaboda anayebeba mtoto wa watu akiwa amelewa asijifiche nyuma ya neno ugonjwa. Lakini Katekisimu hiyohiyo, namba 1735, inafundisha kwamba uwajibikaji wa mtu kwa tendo lake unaweza kupungua, hata kuondolewa, kwa sababu ya mazoea, hofu, shinikizo na mambo mengine yanayoufunga uhuru wake. Mlevi aliyefungwa na pombe anafanya lisilofaa kwa nia ambayo imekwisha kujeruhiwa. Chama cha Madaktari wa Marekani kilitamka mwaka 1956 kwamba ulevi ni ugonjwa unaostahili kutibiwa, na Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 duniani katika mwaka 2019 peke yake. Hao wote hawakufa kwa kukosa mahubiri.

Najua kuna wanaonong'ona: mbona Padre naye anakunywa divai kila siku altareni? Swali zuri, nami nalijibu. Kanisa haliharamishi divai. Kristo aliitoa kwa wingi harusini Kana, na Msamaria Mwema aliimimina kwenye majeraha ya mtu aliyeachwa njiani. Lakini sikieni jambo ambalo wengi wenu hamlijui. Kwa barua ya tarehe 24 Julai 2003, Idara ya Mafundisho ya Imani, chini ya Kardinali Joseph Ratzinger, ilikumbusha kwamba padre asiyeweza kunywa divai kwa sababu ya afya yake, pamoja na yule anayesumbuliwa na ulevi, anaweza kuruhusiwa na askofu wake kuadhimisha Misa kwa maji ya zabibu ambayo uchachukaji wake umesimamishwa. Mama Kanisa anajua kwamba hata miongoni mwa mapadre wapo walioshikwa na ugonjwa huu. Hakuwatangaza, hakuwacheka, hakuwafukuza altareni. Aliwatafutia kikombe kisicho na sumu kwao. Je, sisi ni wakali kuliko Kanisa?

Nyota wa siku saba

Turudi nyumbani. Vijana wa Ibadakuli wanakwenda Kahama, Mwakitolyo na Geita kutafuta dhahabu, na mnajua mambo yanavyokwenda. Siku duara linapotema, mchimbaji aliyekuwa hana jina huwa nyota. Meza yake baa huzungukwa na watu ambao jana hawakumjua. Hununua, nao husifu. Hununua tena, nao husema huyu ndiye mwanaume. Fedha zikiisha, watu wale huhamia meza nyingine, naye akibaki na kiu aliyofundishwa kwa siku saba, wanamwita teja wa pombe. Kila hatua aliyopitia mwigizaji wa Nairobi au wa London, yeye huipitia kwa juma moja, bila hata mtu wa kumwandikia habari gazetini.

Wala tusidhani kwamba mambo haya yako baa tu. Tazameni kamati zetu za harusi: fungu lisilopunguzwa kamwe ni la vinywaji. Tazameni sherehe za Komunyo ya Kwanza na Kipaimara: mtoto anapokea Roho Mtakatifu asubuhi, na ifikapo jioni amewabeba wajomba zake wawili kuwapeleka kitandani, huku wageni wakicheka. Mtoto huyo ameshajifunza kwamba mlevi ni mchekeshaji. Anakwenda kibanda umiza, anamkuta mlevi mwingine wa kuchekesha kwenye sinema, akipepesuka na kuongea kwa ulimi mzito. Serikali ilipiga marufuku pombe za viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na ilifanya vema. Lakini hakuna sheria inayoweza kupiga marufuku kicheko. Hicho ni sisi wenyewe tutakaokiacha.

Wahenga walituonya kwamba mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Hawakusema mwenzako akinyolewa, wewe piga picha.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tuache kusambaza picha na visa vya walevi, wawe mashuhuri au wasiojulikana. Anayezipokea azifute. Ni tendo dogo, lakini ni vazi la Shemu na Yafethi.

Pili, tukimwona mtu amefungwa na pombe, tusimwambie aache leo kwa nguvu za maombi pekee na kumfungia chumbani. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege, kuchanganyikiwa, hata kufa. Apelekwe hospitali. Hospitali ya Bugando kule Mwanza, ambayo ni matunda ya Kanisa, ina idara ya magonjwa ya akili, na hospitali ya rufaa ya mkoa inaweza kumwelekeza mgonjwa. Sala imsindikize huko, isimzuie kwenda.

Tatu, jumuiya ndogo ndogo zisitoe fedha taslimu mkononi mwa mgonjwa wa pombe na kujiona zimemaliza. Zitoe mtu. Mmoja wa kumsindikiza kliniki, mwingine wa kukaa na mke na watoto, mwingine wa kumpigia simu jioni, saa ile ambayo kiu huuma. Na akianguka tena, msimsimulie, mwinueni. Yesu hakumwekea Petro kikomo cha kusamehe.

Nne, anayetaka kuwa rafiki wa mtu huyo asimnunulie hata chupa moja "ya kutoa hangover". Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki ya mlevi haiponi kwa bia.

Mwisho, kwa ninyi mnaobeba mzigo huu wenyewe, na ninajua mpo mnaosoma: mfahamuni Matt Talbot, mbeba mizigo wa Dublin. Alianza kunywa akiwa na miaka kama 12, akaacha akiwa na miaka 28, akakaa bila pombe kwa miaka 41 hadi alipofariki njiani akienda kanisani, tarehe 7 Juni 1925. Mwaka 1975 Papa Paulo VI alithibitisha kwamba mtu huyo aliishi fadhila za Kikristo kwa kiwango cha kishujaa. Hakuwahi kuigiza sinema yoyote. Hakuna aliyempigia makofi. Siku aliyoamua kuacha, alikuwa amesimama mtaani bila senti, akitumaini rafiki zake wangemwalika kunywa, nao wakampita. Alirudi nyumbani, na mama yake akampokea. Kutoka nyumbani hapo alikwenda kuungama.

Mlango wa kitubio parokiani uko wazi, na mlango wa ofisi yangu pia. Aje mgonjwa, aje mke wake, aje mama yake. Yatakayosemwa humo yatabaki humo.

Kristo, aliyevuliwa nguo zake msalabani mbele ya watazamaji waliomcheka, atufunike sote kwa huruma yake. Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, atuombee.

Nawatakia Dominika njema na juma lenye baraka. Amina.